Mionzi ya Kichwa na Shingo, na Uoni Unaopotea Tiba Ikiwa Imekwisha Zamani

Mtu aliyetibiwa kwa mionzi saratani ya nyuma ya pua au ya mifupa ya uso, akamaliza majuma yake saba ya kwenda hospitali kila siku ya kazi, kisha akarudi Lamu au Malindi akiwa ameambiwa kwamba uvimbe haupo tena, ana haki ya kuamini kuwa shida kubwa imempita. Mara nyingi huwa imempita kweli. Lakini wako wachache ambao mwaka mmoja baadaye, au mitatu, au hata minane, huanza kuona ukungu katika jicho moja, na kwa kuwa tiba imekwishakuwa habari ya zamani, hakuna anayeyaunganisha mambo hayo mawili: si mgonjwa mwenyewe, si jamaa zake, na wakati mwingine si hata mhudumu wa afya anayemsikiliza. Huambiwa ni mtoto wa jicho, au ni umri, au ni sukari. Huenda ikawa hivyo. Huenda pia ikawa ni jambo lisilongoja hata juma moja.

Uoni unaopotea kwa kuchelewa baada ya mionzi ya kichwa na shingo si ugonjwa mmoja. Ni magonjwa kadhaa, na kila moja lina mahali pake ndani ya jicho au nje yake, wakati wake wa kutokea, na kiasi chake cha matumaini. Moja huondolewa kwa upasuaji mfupi, jingine hupunguzwa kwa sindano, jingine dawa zake ni dhaifu mno, na jingine si ugonjwa wa jicho hata kidogo bali ni onyo la kiharusi. Kuyaweka yote katika kapu moja kunawapotezea watu macho ambayo yangeokolewa, na kunawapa wengine ahadi zisizoweza kutimizwa.

Tuanze na mionzi yenyewe. Kipimo chake ni grei, jina lililotokana na mwanafizikia Mwingereza Louis Harold Gray. Saratani ya nyuma ya pua kwa kawaida hupewa takriban grei 70, nazo hazitolewi kwa mkupuo bali hugawanywa katika vipindi 33 hadi 35, kila kimoja cha grei 2 hivi, siku tano kwa juma. Mgawanyo huo una sababu kubwa, kwa kuwa tishu nzima za mwili hujirekebisha kati ya kipindi na kipindi vizuri zaidi kuliko seli za saratani, hivyo mapumziko mafupi kati ya vipindi huufaa mwili kuliko yanavyoufaa uvimbe. Seli zinazozaliana haraka, kama zile za utando wa kinywa, huonyesha jeraha lao mapema: vidonda mdomoni, koo kuwaka, ngozi ya shingo kuwa nyeusi na kubambuka, mambo ambayo kila aliyewahi kupigwa mionzi anayafahamu. Seli zinazozaliana polepole, au zisizozaliana kabisa, hulificha jeraha kwa muda mrefu. Neva, yaani nyuzi zinazopeleka taarifa kwenye ubongo, ni za kundi hili, na pia seli zinazotanda upande wa ndani wa mishipa midogo ya damu.

Fundi wa majahazi wa Matondoni anajua kwamba chombo ambacho kalafati yake, yaani pamba ya kuziba mianya ya mbao, imekaushwa na jua hakivuji siku hiyo hiyo. Pamba hulegea kidogo kidogo, na maji huanza kupenya baada ya safari nyingi, wakati mwenyewe amekwishasahau kile kipindi chombo kilipoachwa ufukweni. Kuta za mishipa midogo ya damu iliyopigwa mionzi huenda mwendo huo. Seli zake hufa moja moja kwa miezi na miaka bila kujazwa, kisha mshipa huanza kuvuja maji, mafuta na damu, au huziba. Tishu iliyokuwa ikilishwa na mshipa huo hukosa oksijeni, na ikikosa oksijeni hutoa kemikali iitwayo VEGF, ambayo huchochea mishipa mipya kuota. Mishipa hiyo mipya ni dhaifu, hupasuka kwa urahisi, na huongeza taabu badala ya kuiondoa.

Si kila saratani ya kichwa na shingo inayoyaweka macho katika hatari ya aina moja. Aliyetibiwa zoloto, yaani kisanduku cha sauti kooni, au ulimi, mionzi yake imelenga chini, na neva zake za macho kwa kawaida hupata kiasi kidogo tu. Wanaohusika zaidi ni wenye saratani ya nyuma ya pua, ya matundu ya hewa yaliyo pembeni mwa pua na chini ya paji la uso, ya tundu la jicho, na ya kitako cha fuvu. Hapo umbali kati ya uvimbe na neva ya jicho huweza kuwa milimita chache. Saratani ya nyuma ya pua inatuhusu kwa sababu ya pili pia. Inajulikana sana kusini mwa China, lakini Kenya nayo ina historia yake ya ugonjwa huo, na daktari wa upasuaji Peter Clifford aliandika juu yake akiwa Nairobi katika miaka ya 1960. Huwapata watu wengi wakiwa bado na umri wa kufanya kazi na kulea watoto, na mionzi ndiyo tiba yake kuu, kwa hiyo aliyepona ana miaka mingi mbele yake ya kuishi na matokeo ya tiba hiyo.

Sasa tupite ndani ya jicho, kuanzia mbele kwenda nyuma.

Mbele kabisa pana machozi. Tezi kubwa ya machozi iko juu ya jicho kwa upande wa nje, na ikipokea mionzi mingi, hasa kuanzia grei 40 na kuendelea, huanza kunyauka. Jicho linakuwa kavu, linawasha kama lina mchanga, linakuwa jekundu, na katika hali mbaya konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, huchubuka, hupata vidonda na hatimaye kovu linaloziba mwanga. Watu hulidharau jicho kavu kwa kuwa linasikika kama kero ndogo tu. Katika hali ya hewa ya mwambao, ambako kaskazi huvuma miezi kadhaa na kusi ikafuata, na ambako mvuvi au nahodha hukaa mchana kutwa katika upepo na mng'ao wa bahari, jicho lisilo na machozi halina ulinzi. Matone ya machozi bandia yanahitajika mara nyingi kwa siku, wakati mwingine kila saa, na marhamu wakati wa kulala. Miwani inayofunika pembeni husaidia sana, na hakuna sababu ya mwanamume kuona haya kuivaa.

Hapa nitasimama kidogo kwa sababu ya Ramadhani. Wako wanaoacha matone yao mchana kutwa kwa mwezi mzima kwa kuhofia saumu, na kwa jicho ambalo tezi yake imekufa, mwezi mmoja unatosha kuleta kidonda. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa Lamu na Malindi, wanja na dawa ya matone ya macho havibatilishi saumu, na Baraza la Kimataifa la Fiqhi lilipokutana Jeddah mwaka 1997 lilitoa uamuzi kwamba matone ya macho hayafunguzi. Mwenye shaka na amuulize shehe wake kabla ya mwezi kuandama, wala asiamue peke yake kuacha dawa.

Nyuma ya konea na mboni kuna lenzi, nayo ndiyo sehemu ya jicho iliyo nyepesi kuliko zote kudhurika na mionzi. Mwaka 2011 tume ya kimataifa ya kinga dhidi ya mionzi iliteremsha kiwango inachokiona kuwa mwanzo wa hatari kwa lenzi hadi nusu grei, kiasi ambacho mgonjwa wa mifupa ya uso anaweza kukipita hata pale madaktari wanapokuwa waangalifu. Matokeo yake ni mtoto wa jicho, ambaye huanzia upande wa nyuma wa lenzi na kumsumbua mtu hasa kwenye mwanga mkali na wakati wa kusoma. Huja polepole, mara nyingi baada ya miaka, na upasuaji wake ni ule ule wa mtoto wa jicho wa uzeeni, ambao huku Pwani unafanywa kwa wingi. Hilo ndilo tawi lenye habari njema. Hatari yake ni kwamba mtoto wa jicho anaweza kukaa mbele ya tatizo kubwa zaidi na kulificha. Mtu akafanyiwa upasuaji, lenzi mpya ikawekwa vizuri, na bado asione, kwa kuwa kilichokuwa kimeharibika kiko nyuma. Aliyewahi kupigwa mionzi ya uso anastahili kupimwa retina na neva kabla ya kuahidiwa kwamba upasuaji utamrudishia uoni wake.

Retina ni utando ulio nyuma ya jicho unaopokea picha, na mishipa yake ya damu ni myembamba sana. Daktari wa macho Mwingereza, Stallard, alieleza madhara ya mionzi kwenye retina tangu mwaka 1933, na kwa macho ya mpimaji huonekana karibu sawa na madhara ya kisukari: vivimbe vidogo kwenye mishipa, madoa ya damu, madoa meupe kama pamba, na maji yaliyojaa katikati ya retina, pale panapotumika kusoma na kutambua nyuso. Kwa kawaida huanza kati ya miezi sita na miaka mitatu baada ya tiba, na huwa nadra pale retina ilipopata chini ya grei 45. Lakini mwenye kisukari au shinikizo la damu, na aliyepewa dawa za kemikali pamoja na mionzi, anaweza kudhurika kwa kiasi kidogo zaidi. Kisukari na presha vimeenea katika miji yetu ya mwambao, na hapo ndipo mkanganyiko unapozaliwa: mgonjwa wa sukari aliyepigwa mionzi upande mmoja wa uso akionekana na retina iliyovuja, ni rahisi kuandika "kisukari" na kufunga faili. Mpimaji makini atalinganisha macho mawili. Kisukari kwa kawaida huyashambulia yote mawili kwa kiasi kinachokaribiana, ilhali mionzi hulifuata lile lililokuwa kwenye njia yake.

Retina ina tiba, na tiba hiyo inategemea kuwahi. Sindano za dawa zinazozuia VEGF, kama bevacizumab, hudungwa ndani ya jicho baada ya kutiwa ganzi, na huweza kukausha maji yaliyojaa katikati na kuifanya mishipa mibovu inywee. Hurudiwa mara nyingi, kwa miezi au miaka. Leza hutumika pale sehemu kubwa ya retina imekosa damu. Jicho likiachwa mpaka mishipa mipya iote kwenye sehemu ya mbele, njia ya maji ya jicho huziba na shinikizo la ndani hupanda, jicho likauma sana na kupofuka. Hiyo ni presha ya jicho ya aina mbaya kuliko zote. Kupima sukari, kutumia dawa za presha kila siku na kuacha sigara ni sehemu ya tiba ya retina, sawa na sindano yenyewe.

Nyuma ya retina ndiyo neva ya jicho. Kila jicho lina yake, na mbili hizo hukutana chini ya ubongo, karibu na pituitari, tezi ndogo inayosimamia homoni, kabla ya kuendelea nyuma. Kuharibika kwa neva hii kutokana na mionzi ndiko ninakotaka kukaa kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu ndiko kunakopoteza uoni mwingi zaidi, na kwa sababu mwanzoni hakuonekani.

Hutokea hivi. Mtu hana maumivu, jicho si jekundu, halitoi tongo. Uoni wa jicho moja unaanza kufifia, rangi zinapauka, au sehemu ya juu au ya chini ya picha inapotea, na ndani ya siku au majuma machache jicho hilo linakuwa halioni chochote cha maana. Mara nyingi hutokea kati ya mwaka mmoja na mwaka mmoja na nusu baada ya mionzi, wengi wao ndani ya miaka mitatu, lakini imewahi kuonekana mapema kama miezi mitatu na kwa kuchelewa hadi miaka minane na zaidi. Jicho la pili linaweza kufuata baada ya majuma au miezi. Na daktari akitazama nyuma ya jicho katika siku za mwanzo, mara nyingi haoni kasoro, kwa kuwa sehemu iliyodhurika iko ndani zaidi, nyuma ya jicho. Weupe wa kichwa cha neva, unaoonyesha kwamba imekufa, huja majuma manne hadi sita baadaye. Katika majuma hayo mgonjwa anaweza kuambiwa kuwa jicho lake ni zima.

Kuna njia nyepesi ya kutodanganywa na jicho linaloonekana zima, na haihitaji mashine. Katika chumba chenye giza kiasi, mhudumu humulika tochi jicho moja kisha la pili, akirudia. Neva ya upande mmoja ikiwa imedhoofika, mboni za macho yote mawili hutanuka kidogo tochi inapohamia upande huo, badala ya kusinyaa. Mtoto wa jicho peke yake hafanyi hivyo. Kipimo cha pili ni kifuniko chekundu cha chupa ya soda: mgonjwa hukitazama kwa jicho moja, kisha kwa jingine, na kuulizwa kama wekundu ni sawa. Jicho ambalo neva yake inakufa hukiona kimepauka, kama cha udongo. Kituo cha afya cha Faza au Kizingitini kinaweza kufanya vipimo hivi viwili kwa dakika tano, na majibu yake yanatosha kuamua kama mgonjwa asubiri kliniki ijayo ya macho au apande mashua ya kwanza kwenda Mokowe.

Hatari kwa neva inategemea kiasi ilichopokea, na hapa takwimu zipo. Mwaka 2010 wataalamu waliokusanya tafiti nyingi chini ya jina la QUANTEC walikadiria kwamba neva ya jicho ikipata chini ya grei 55 kwa vipindi vya kawaida, hatari ya kuharibika ni chini ya asilimia 3. Kati ya grei 55 na 60 ni asilimia 3 hadi 7. Na ikizidi grei 60 ni asilimia 7 hadi 20. Kabla ya hapo, mwaka 1994, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Florida walichapisha matokeo ya wagonjwa waliowafuatilia kwa miaka mingi. Katika neva 106 zilizopata chini ya grei 59, hakuna hata moja iliyoharibika. Katika zile zilizopata grei 60 au zaidi, hatari ndani ya miaka 15 ilikuwa asilimia 11 pale kila kipindi kilipokuwa chini ya grei 1.9, lakini ilipanda hadi asilimia 47 pale kipindi kilipofika grei 1.9 au zaidi. Kwa maneno mengine, ukubwa wa kila kipindi una uzito wake pamoja na ule wa jumla.

Jambo hili linamhusu moja kwa moja mgonjwa anayetoka kwetu. Kukaa Mombasa au Nairobi majuma saba, ukiwa umepanga chumba au umejibanza kwa jamaa, kazi imesimama na watoto wameachwa nyumbani, ni mzigo mzito, na ninaelewa kabisa kwa nini mtu huomba apigwe mara mbili kwa siku au aongezwe kiasi ili arudi mapema. Daktari akikataa, asidhaniwe kuwa hana huruma. Neva ya jicho ndiyo itakayolipa gharama ya haraka hiyo. Yapo mazingira ambamo madaktari wenyewe huchagua vipindi vichache vikubwa, kwa mfano pale lengo ni kupunguza maumivu tu, lakini huo ni uamuzi wa kitabibu wenye hesabu zake, haufanywi ili kuwahi basi.

Je, neva iliyokwisha kudhurika ina tiba? Dawa za steroidi zimetumika miaka mingi, na matokeo yake yamevunja moyo. Dawa za kuzuia damu kuganda hazikufaa. Kukaa ndani ya chumba cha oksijeni yenye shinikizo kubwa kumewasaidia baadhi ya wagonjwa walioanza ndani ya siku chache za mwanzo, na wengine hakukuwasaidia, na chumba chenyewe ni adimu. Bevacizumab inayotolewa kwa mshipa imeleta nafuu kwa wagonjwa kadhaa walioripotiwa na madaktari wao, lakini hiyo bado si tiba ya kuahidiwa mtu. Wengi hubaki na uoni ulio chini ya 6/60, yaani hawawezi kusoma herufi kubwa ya juu kabisa kwenye ubao wa kupimia macho. Nasema haya wazi kwa kuwa familia zimekwishauza mashamba na vyombo vya uvuvi kwa ajili ya tiba ambazo hakuna aliyezithibitisha. Kinachostahili haraka ni kupata jibu la swali jingine: je, kweli ni mionzi, au saratani imerudi?

Uvimbe uliorudi na kuikandamiza neva huweza kutoa dalili zinazofanana kabisa, na tiba yake ni tofauti. Kuwapiga mionzi tena watu ambao neva zao zimeungua ni kosa kubwa, na kumwacha mwenye uvimbe kwa kudhani ni jeraha la zamani ni kosa kubwa pia. Kipimo kinachotenganisha mambo haya ni picha ya MRI iliyopigwa baada ya kuchomwa sindano ya gadolini, dawa ya kung'arisha picha: neva iliyoharibiwa na mionzi hung'aa sehemu fulani bila ya kuwa na uvimbe pembeni yake. Kwa mkazi wa Lamu maana yake ni kuvuka hadi Mokowe, kisha barabara ya Witu, Garsen na Malindi hadi Mombasa. Ni safari ya kuchosha, na ni hii hasa, kuliko nyingine zote, ambayo haifai kuahirishwa.

Ipo sababu moja zaidi ya uoni kupotea, na inamgusa hata yule aliyetibiwa zoloto ambaye nilisema neva zake ziko mbali na mionzi. Mishipa mikubwa ya shingo inayopeleka damu kichwani hupita katikati ya eneo linalopigwa mionzi, na baada ya miaka mitano, kumi au zaidi huweza kuwa myembamba. Mtu huona kama pazia linashuka kwenye jicho moja, linakaa dakika chache, kisha linapanda na uoni unarudi kama kawaida. Kwa kuwa umerudi, hamwambii mtu. Pazia hilo ni kipande kidogo kilichobanduka kwenye mshipa wa shingo kikapita jichoni. Kinachofuata kinaweza kwenda kwenye ubongo. Huyu anatakiwa hospitalini siku hiyo hiyo, apimwe mishipa ya shingo kwa mashine ya mawimbi ya sauti, na aanzishiwe dawa, hata kama anasema sasa anaona vizuri.

Kizuizi kikubwa katika haya yote, nionavyo mimi, ni karatasi. Kliniki ya saratani iko mji mmoja, kliniki ya macho mji mwingine, na faili haisafiri. Mgonjwa hufika mbele ya daktari wa macho, huulizwa, "Mzee, una maradhi gani mengine?" naye hujibu kwa ukweli wote, "Sina, saratani yangu ilipona." Katika jibu hilo mionzi haikutajwa. Yeyote anayemaliza tiba, iwe katika Hospitali Kuu ya Pwani, ambayo wengi huiita Makadara, au Kenyatta au kwingineko, na aombe barua inayoeleza aina ya saratani na mahali ilipokuwa, tarehe za kuanza na kumaliza, jumla ya grei na idadi ya vipindi, kiasi kikubwa zaidi kilichofika kwenye neva za macho, retina na lenzi, na dawa za kemikali zilizotumika. Aipige picha kwa simu na ampe nakala mtoto au ndugu anayeaminika. Karatasi huliwa na mchwa na chumvi ya bahari; picha iliyo katika simu tatu haipotei kwa urahisi.

Kabla ya tiba kuanza, mgonjwa ana haki ya kuuliza neva zake zitapata grei ngapi. Mashine za kisasa huweza kuufinyanga mwale ufuate umbo la uvimbe na kuikwepa neva kwa kiasi kikubwa, na mtaalamu wa fizikia huyapanga hayo kwenye kompyuta, naye mgonjwa akivalishwa barakoa ya plastiki inayokizuia kichwa kisisogee. Mashine za zamani za kobalti hazina uwezo kama huo. Hata kwa mashine bora kuna nyakati ambapo saratani imeigusa neva, na kuipunguzia neva mionzi ni kuipunguzia saratani pia. Daktari atachagua uhai. Mimi pia ningechagua hivyo, lakini uamuzi huo unapaswa kusemwa mbele ya mgonjwa na kuandikwa. Ni vyema pia macho yapimwe kabla ya siku ya kwanza, ili baadaye pawe na cha kulinganisha.

Baada ya tiba, kwa kuwa madhara mengi ya retina na neva hujitokeza ndani ya miaka mitatu, kupimwa macho kila miezi sita katika kipindi hicho, na kila mwaka baadaye, ni utaratibu wa busara kwa aliyepigwa mionzi karibu na macho. Nyumbani, afumbe jicho moja kila juma na kutazama nondo za dirisha au mistari ya mkeka kwa jicho lililobaki, kisha abadilishe. Macho mawili yakiwa wazi, lililo zima hufunika upungufu wa mwenzake, na watu hugundua upofu wa jicho moja kwa bahati tu, siku wanapojifuta jasho. Mistari ikionekana imepinda, au sehemu yake imefutika, hiyo ni sababu ya kwenda hospitali kesho, bila kungoja kliniki ya mwezi ujao. Na kwa kuwa tezi ya pituitari imekaa jirani na neva hizi, mwenye uchovu usioelezeka, baridi isiyokwisha au hedhi iliyokatika baada ya mionzi apimwe pia homoni.

Kwa yule ambaye uoni umekwisha kupotea, kazi ya kwanza ni kulilinda jicho la pili kwa kila kilichotajwa hapo juu. Ya pili ni kumfundisha kuishi: fimbo nyeupe na mtu wa kumwelekeza vichochoro vya mji hatua kwa hatua, simu iliyowashwa sauti ya kusoma maandishi ya skrini, vikuzaji vya herufi kwa aliyebakiwa na uoni kidogo. Nchini Kenya anaweza kufanyiwa tathmini ya ulemavu katika hospitali ya serikali iliyoidhinishwa, kisha akasajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, na usajili huo ndio unaomfungulia mlango wa misaada ya vifaa na nafuu ya kodi. Tathmini hiyo iombwe mara tu daktari anapothibitisha kuwa uoni hautarudi.